Waraka kwa Kaka wa Ghorofa ya Tatu

Kwa kaka yangu, jirani wa ghorofa ya tatu, upande wa majini, Regent's Canal, London.

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba usiku umelala vizuri. Hili la usingizi nalitaja kwa makusudi, maana nimeambiwa ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Barua yako hukuniletea mimi. Ilikwenda kwa wasimamizi wa mfereji, nakala halmashauri ya mtaa, na mimi nikapata ujumbe wa simu wenye adabu tele, ukinijulisha kwamba mkazi mmoja wa jengo la ng'ambo "ameathirika" na boti yangu. Barua yenyewe waliiambatanisha, ila jina hawakulitaja. Wala hapakuwa na haja, kwa sababu katika jengo zima ni wewe peke yako unayetoka barazani na kushika kiuno kila injini yangu ikiwaka.

Naandika kwa Kiswahili ili Waingereza wanaopita hapa na mbwa wao wasijue tunagombania nini. Halafu nimeshajua zamani kuwa wewe ni mtu wa nyumbani. Simu zako za Jumapili unazipigia barazani, spika wazi, na maji haya hayamezi sauti, yanaipokea upande wako na kuikabidhi upande wangu. Namfahamu fundi wako wa Kibaha, yule aliyelipwa mifuko sitini ya saruji ikaonekana arobaini. Najua nondo ziliishia kwa nani. Siku ile ulipokuwa unamfokea mdogo wako kwamba linta imepinda, mimi nilikuwa naosha vyombo, na kwa jinsi alivyokueleza, kaka, linta haina kosa. Kilichopinda ni ukuta. Lakini sikuandika barua kwa mtu. Nilifunga dirisha.

Sasa tuje kwenye injini. Boti yangu haina waya wa umeme kutoka nchi kavu. Jokofu, pampu ya maji, taa, simu, vyote vinakula betri, na betri hulishwa na paneli za sola zilizo juu ya paa au na injini ya dizeli iliyo chini ya sakafu ya nyuma. Kiangazi jua linatosha na wewe husikii kitu, na nadhani ndiyo maana fleti ulionyeshwa mwezi wa Juni. Desemba jua la hapa linazama kabla ya saa kumi jioni, na hata likiwepo linapita chini chini upande wa kusini, ambako ndiko lilikosimama jengo lenu. Kwa maneno mengine, kuanzia Novemba paneli zangu zinashinda kwenye kivuli cha baraza lako. Sikulaumu, hukulichora wewe. Nakueleza tu ile injini inawaka kwa sababu gani.

Masharti ya leseni unayajua, maana uliyanukuu: kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, boti iliyofungwa karibu na watu hairuhusiwi kuwasha injini ili ichaji betri. Mimi huwasha saa nne asubuhi, nikazima adhuhuri. Wewe uliandika kwamba unakoseshwa usingizi. Saa nne asubuhi, kaka, siku ya kazi! Nilitaka kukutetea kwa wasimamizi kwamba huenda unafanya kazi ya usiku, ila hapo hapo ukasikika barazani ukimwambia mtu uko kwenye mkutano.

Usidhani wewe ndiye wa kwanza kuukasirikia mfereji huu. Ulilalamikiwa kabla haujachimbwa. John Nash, msanifu majengo kipenzi cha yule Mwanamfalme aliyeupa jina, alitaka maji yapite katikati ya Regent's Park, boti ziwe pambo la kutazamwa kutoka kwenye nyumba za kifahari. Wakubwa wakashtuka. Wenye nyumba wangesikia matusi ya watu wa boti! Mfereji ukasukumwa hadi ukingo wa kaskazini, ndani ya handaki refu lililo wazi juu, na watu wa boti wakaachwa watukanane huko chini. Ulipofunguliwa wote mwaka 1820, kutoka Paddington hadi Limehouse, mabepari wa kando ya bustani walikuwa wameshakingwa masikio.

Au ndivyo walivyodhani. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, boti iliyoitwa Tilbury ilikuwa inavutwa na tagi ya mvuke kwenye ukingo ule ule wa kaskazini, imebeba sukari, kahawa, njugu, mapipa ya mafuta ya petroli na takriban tani tano za baruti. Ilipofika chini ya daraja la Macclesfield, ililipuka. Waliokuwa ndani walikufa wote watatu, daraja likatoweka, na madirisha ya nyumba za kifahari yakapukutika. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya baruti na vilipuzi. Daraja lilipojengwa upya walitumia nguzo zile zile za chuma, ila wakazigeuza. Nenda siku moja na watoto ukawaonyeshe. Nguzo zina mifereji myembamba iliyochimbwa na kamba za farasi waliokuwa wakivuta boti, na kwa kuwa ziligeuzwa, kamba zimezila pande zote mbili. Weka kidole ndani ya ufa mmoja kisha uniambie injini yangu ya saa nne asubuhi inaangukia wapi katika historia ya kelele za mahali hapa.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba kutangulia kunanipa haki. Sheria ya Kiingereza iko upande wako, na wewe, mtu wa kunukuu vifungu, utaipenda kesi ya Sturges v Bridgman ya mwaka 1879. Mtengeneza vitamutamu wa Wigmore Street alikuwa na vinu viwili vikubwa jikoni kwake, na alitwanga kwa zaidi ya miaka ishirini bila mtu kuguna. Daktari wa nyumba ya nyuma akajenga chumba cha kupimia wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, ukuta kwa ukuta na lile jiko, ndipo akagundua kuwa hawezi kusikiliza kifua cha mgonjwa kwa sababu ya mchi. Akashtaki, akashinda. Kwamba mchi ulikuwepo kabla ya chumba hakukumfaa kitu mtwangaji. Tangu 2018 mwongozo wa mipango miji wa England umejaribu kupunguza ukali huo, kwamba anayejenga nyumba mpya kando ya baa au ukumbi wa muziki abebe mwenyewe mzigo wa kuzuia kelele. Boti hazikutajwa. Kwa hiyo hapa bado wewe ni daktari, na mimi ni mwenye kinu.

Kwenye moshi nakupa haki yako kamili. Dohani la boti haliwezi kuwa refu kwa sababu ya madaraja, na siku ambayo upepo umelala, moshi wa jiko hupanda moja kwa moja hadi kwenye madirisha ya ghorofa ya pili na ya tatu ukatulia hapo. Mimi nachoma makaa yale yasiyo na moshi mwingi, lakini kuwasha jiko kuna dakika zake za mwanzo ambazo hata mimi sizipendi. Sheria ya Mazingira ya 2021 imezipa halmashauri uwezo wa kuziingiza boti zilizofungwa kwenye maeneo yanayodhibitiwa moshi, na siioni kuwa ya uonevu. Mtoto mwenye pumu haulizi nani alitangulia.

Kama barua yako ingeishia kwenye moshi na injini, waraka huu usingekuwepo. Ningevuka daraja nikuletee vitumbua. Kilichonifanya niisome mara ya pili ni dawa uliyoipendekeza.

Maana dawa ya kelele ipo, na iko jirani tu. Islington waligombana kwa miaka kuhusu injini na moshi, mwishowe wakasimamisha nguzo za umeme kando ya mfereji. Boti huomba nafasi mapema, huchomeka waya, na injini hazitakiwi kuwaka. Jokofu langu lingelala linanong'ona na wewe ungeendelea na mikutano yako. Tena umeme wenyewe hauko mbali na mfereji huu hata kidogo. Kutoka St John's Wood hadi City Road, chini ya ile njia waliyokuwa wakipita farasi, zimelazwa tangu 1979 nyaya za volti 400,000 zinazolisha London, na maji ya mfereji huzungushwa kuzipoza. Yaani maji tunayoelea yanahudumia taa za jiji, na sisi juu yake tunawasha dizeli tupate kuchaji simu. Hapo ndipo palipostahili barua kali. Ungeandika "leteni nguzo na hapa kwetu", ningekuwa wa kwanza kutia sahihi, na ningekukusanyia sahihi za boti zote mpaka Victoria Park.

Hukuomba nguzo. Uliomba boti zipunguzwe mbele ya jengo lenu, na ukaongeza neno moja mwishoni: "mwonekano". Ukafafanua: baiskeli juu ya paa, magunia ya makaa, kuni, nguo zilizoanikwa. Sikujua kwamba kanga yangu ina kelele.

Kaka, nimeliona lile tangazo walilowauzia fleti, lilikaa miezi kwenye uzio wa ujenzi. Lilikuwa na boti, nyekundu na kijani, chungu cha maua juu ya paa, taa ya njano dirishani, na ndani yake hapakuwa na mtu. Hiyo ndiyo uliyolipia, nami nakuonea huruma kwa dhati, kwa sababu muuzaji hakukwambia kwamba taa ile ya njano inatoka kwenye betri. Nyumbani mtu hahamii Feri, kwenye soko la samaki, kisha akaandika barua kwamba samaki wananuka. Na kama akiandika, wauza samaki wangemsomea barua yake kwa sauti, na sijui kama angerudi kununua changu.

Nakumbuka pia uliandika kwamba watu kama mimi hatulipi kodi ya halmashauri. Ni kweli, boti isiyo na gati la kudumu hailipi. Inalipa leseni kwa Canal & River Trust, shirika la hisani lililokabidhiwa mifereji hii mwaka 2012 kutoka kwa serikali, na taka zangu nazibeba mwenyewe mpaka kwenye mapipa yao, pamoja na nyingine ambazo kwa heshima ya shemeji sitazitaja. Tuliache hilo.

Pengine ungependa kujua na sisi huku chini tunasikia nini. Sakafu ya boti iko chini ya usawa wa maji, kwa hiyo madirisha yangu yako sawa na viatu vya wapita njia. Alfajiri ni wakimbiaji, kisha baiskeli, kila moja na kengele yake chini ya daraja, kisha mbwa. Ijumaa usiku walevi hupenda kukaa juu ya paa langu wapigwe picha, na paa hilo ni la bati la chuma lililo juu ya kitanda changu. Mwezi uliopita kifuniko cha chupa kiliruka kutoka barazani kwako wakati wa ile sherehe ya kipaimara, kikaanguka kwenye sufuria yangu ya maua. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Kwaya ilikuwa nzuri, hasa ule wimbo mliourudia.

Kuhusu malalamiko yako, yatashughulikiwa kwa utaratibu wao, nao hauna haraka. Mimi kwa sheria ya mifereji ya 1995 siruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, na zangu za safari hii zinakaribia kwisha. Watakapokujibu, nitakuwa nimeshapita lango la maji la Old Ford, na barua yao itakushukuru kwa kuwasiliana nao na kukujulisha kwamba boti husika haipo tena. Utafurahi kwa asubuhi moja. Nafasi hii haijawahi kulala tupu, na anayeingoja namjua. Ni mzee mmoja mwenye boti ya zamani na injini ya silinda mbili, ambayo ikiwaka hata bata huhama. Ni mtu mwema sana, lakini sikio la kushoto halisikii.

Ukitaka kumwambia kitu, usiandike. Vuka daraja ukapige hodi, na upige ubavuni mwa boti, karibu na usukani. Ukigonga dirisha la mbele utamwamsha, kitanda kiko pale.

Wasalimie wote nyumbani, na mwambie fundi wa Kibaha apime ule ukuta upya kabla hajapandisha bati.

Wako mtiifu,
Mdogo wako wa botini