Jinsi ya Kupatana na Boila Iliyonuna

Boila ya mafuta huchagua saa yake ya kununa, na mara nyingi huchagua usiku wa Januari. Katika jimbo la Maine, ambako nyumba zinazopashwa joto kwa mafuta ni nyingi kwa uwiano kuliko katika jimbo jingine lolote la Marekani, familia zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia Portland na Lewiston na kukuta chuma hiki chini ya sakafu. Hakuna aliyewatambulisha. Basi jamani, boila ndiyo hii, na hivi ndivyo inavyobembelezwa.

Anza kwa kuvaa viatu. Sakafu ya chumba cha chini ni baridi, pengine ina maji, na mtu aliyesimama pekupeku kwenye maji hana ruhusa ya kukaribia umeme. Ukikuta maji yametanda, au ukisikia harufu ya waya kuungua, rudi juu upige simu. Mwongozo wako umeishia hapo, na umeufuata vizuri kuliko wote.

Jambo la pili: usiguse kitufe chekundu. Najua kinavyoita. Kimekaa juu ya kisanduku cha kichomeo, mahali pa heshima, na mtu mwenye baridi hukiona kabla hajaona kitu kingine chochote. Kiache kwanza.

Umeme ndani ya boila husafiri kama barua ya serikalini: hupita meza baada ya meza, na kila meza ina muhuri wake. Meza moja ikigoma, moto hauwaki, hata kama nyingine zote zimeridhia. Kwa hiyo fuata barua ilikopita, na anzia meza ya juu, kwa sababu huko ndiko kunakopatikana makosa mepesi.

Meza ya kwanza iko ukutani sebuleni. Themostati nyingi hutumia betri, na betri hufa. Weka mpya, pandisha kiwango kipite joto la chumba kwa digrii tano, kisha usubiri dakika chache. Kimya? Nenda kwenye ngazi za kushukia chini. Juu ya ngazi hizo kwa kawaida kuna swichi yenye kibao chekundu, inayofanana kabisa na swichi ya taa. Hiyo ndiyo ya kukata umeme wa boila wakati wa hatari. Mgeni huizima akidhani anazima taa, mtoto huizima kwa sababu ni nyekundu, na nyumba nzima hulala na makoti. Andika jina lake kwa kalamu nene, leo hii, kabla ya shida.

Kisha kisanduku cha breka. Breka ya boila ikiwa imeanguka, irudishe mara moja. Ikianguka tena, kuna shoti mahali, na breka inakuokoa. Iheshimu, mwite fundi.

Kabla ya kuulaumu umeme, tazama geji ya tangi. Tangi la kawaida la nyumbani ni la galoni 275, yaani zaidi ya lita 1,000, na bado huisha. Umeme husingiziwa makosa mengi ya mafuta. Tangi likikauka, hewa huingia kwenye bomba, na hata ukileta mafuta mapya, hewa hiyo lazima itolewe kwanza kwenye pampu. Tazama pia geji ya maji ya boila: ikisoma sifuri, kuna kifaa kinachozuia moto usiwake ndani ya chuma kisicho na maji. Usikipite kwa waya, na usimimine maji baridi ndani ya boila iliyokauka ikiwa bado moto.

Sasa kitufe. Kibonyeze mara moja tu. Mota itanguruma, pampu itasukuma mafuta, na transfoma itatoa cheche ya volti 10,000 au zaidi, ndiyo sababu kifuniko chake hakifunguliwi na mtu asiye fundi. Ndani mna jicho dogo la kadimiamu linalotazama mwanga wa moto. Lisipoona mwanga ndani ya sekunde 15, 30 au 45, kulingana na aina, kisanduku hufunga kila kitu. Wakati mwingine moto unawaka vizuri lakini jicho limejaa masizi, na boila inazimwa kwa ushahidi wa kipofu.

Ukibonyeza tena na tena, kila mara unanyunyiza mafuta yasiyoungua. Nozeli inayotoa galoni 0.85 kwa saa humwaga karibu mililita 40 katika sekunde 45. Mara kumi ni karibu mililita 400 ndani ya chumba cha moto. Siku moto ukikubali, huwaka yote kwa kishindo, na masizi hupanda hadi kwenye mapazia ya ghorofa ya juu. Nawaomba sana: mara moja, basi.

Lipo kosa jingine, na hili lina faraja yake. Boila ni moto, kichomeo kinafanya kazi, lakini redieta za chumba cha watoto ni baridi. Hapo meza iliyogoma ni pampu ya kuzungusha maji au vali ya upande huo wa nyumba. Vali nyingi za umeme zina kijiti pembeni cha kuzifungua kwa mkono. Kisukume: kama iliyogoma ni vali, maji yatapita, na watoto watalala na joto hadi fundi afike asubuhi.

Usiku huo usiwashe jiko la mkaa ndani, wala usiache oveni wazi, wala usiweke jenereta kwenye chumba cha chini. Hewa ya sumu inayoweza kutoka humo haina harufu.

Kama umepanga, na mkataba unasema mwenye nyumba ndiye anayetoa joto, sheria ya Maine inamtaka awe na mitambo inayoweza kufikisha digrii 68 za Farenhaiti ndani, hata nje ikiwa 20 chini ya sifuri. Mpigie usiku uleule, umwandikie pia, bila kuomba radhi.

Fundi akipokea simu, usimwambie tu kwamba boila imekufa. Mwambie mota inanguruma au la, moto uliwaka kisha ukazima au haukuwaka kabisa, ulibonyeza mara ngapi, na geji zinasoma nini. Atajua abebe kifaa gani. Ukimngoja, acha bomba lililo mbali zaidi lidondoshe maji kidogo kidogo, na fungua milango ya kabati chini ya sinki, ili hewa ya chumba iyafikie mabomba ya ukutani.