Sifa za Funza wa Jalalani

Wengine wamsifu simba. Mimi namsifu funza, yule mweupe mnene anayetoka kwenye pipa letu la taka na kupanda ukuta wa jikoni bila hodi. Ni mpole, hapigi kelele, hakopi. Sura tusiiongelee.

Sifa yake kuu ni afya. Huyu bwana huzaliwa kwenye uozo, hulala humo na kula humo, katikati ya bakteria ambao kijiko kimoja tu kingetulaza wodini mimi na wewe. Yeye ananenepa! Hana chanjo, hana kadi ya bima, wala hana kingamwili kama zetu. Ana mafuta mwilini, nayo hayakuwekwa kwa ajili ya kitambi. Kijidudu kikipenya, damu hukigundua, jeraha huzibwa kwa utando mweusi, na ndani ya saa chache seli za mafuta hayo humwaga peptidi zenye kutoboa ngozi ya bakteria. Jules Hoffmann na wenzake, kule Strasbourg, Ufaransa, walionyesha mwaka 1996 jinsi nzi wa matunda, binamu wa huyu wetu, anavyoiamsha kinga hiyo ukungu unapomvamia. Mwaka 2011 Hoffmann akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Funza hakualikwa.

Ndani ya saa chache, jamani! Bila kikao, bila posho ya kikao, bila kamati ndogo ya kuchunguza kama kweli bakteria ameingia. Hakuna seli inayomwambia mgonjwa arudi Jumatatu, mwenye muhuri kasafiri. Hakuna seli inayosubiri bajeti ya mwaka ujao.

Sisi ada ya taka tunalipa kila mwezi, na risiti tunazo. Gari halionekani. Ukiuliza, dizeli imekwisha. Ukiuliza tena, mkandarasi amebadilishwa. Ukiuliza mara ya tatu, wewe ni mchochezi. Mvua inanyesha, maji ya jalala yanateremka hadi kisimani, watoto wanaanza kuharisha. Kipindupindu kikishatangazwa ndipo waheshimiwa wanapofika, fulana mpya, vipaza sauti, wapiga picha, kutufundisha kunawa mikono. Kunawa mikono! Kwa maji ya kisima kipi?

Waheshimiwa, fulana tunazo za kutosha. Lundo liko pale pale, nyuma ya shule ya msingi. Leteni gari.