Mkao Mbaya, Kiti Kizuri

Wauza mito ya shingo wana mtu wa kumshukuru. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, alipiga hesabu kwamba kichwa cha kilo tano hivi, kikiinamishwa nyuzi 60 juu ya simu, huilemea shingo kwa nguvu ya kilo 27. Ilikuwa hesabu ya kompyuta, haikumpima mgonjwa hata mmoja. Nani ajali? Hofu ikishapata namba, inauzika.

Tangu hapo kila shingo inayouma mshitakiwa ni mkao. Bosi anakukalisha kwa saa tisa, chai unaletewa mezani usije ukapoteza muda kunyanyuka, kisha kiuno kikigoma anakuitia semina ya namna ya kukaa. Semina yenyewe ya saa nne, mmekaa. (Abiria aliyekunjwa mara mbili mlangoni mwa daladala hajawahi kualikwa.)

Wasichopenda kusema wahubiri wa mgongo ulionyooka ni kwamba ushahidi wa mkao mmoja kuleta maumivu ni hafifu. Wapo waliopinda wasioumwa, na wapo walionyooka wanaonuka dawa ya kuchua. Kinachochosha mwili ni kuganda, hata ukiganda kwa adabu. Usingizi haba na mawazo huongeza chumvi.

Basi inuka, tembea. Ila ukiona mguu unalegea au mkojo unakataa, mpite muuza mito, nenda hospitali siku hiyohiyo.