Namna ya Kupanga Nyumba Bujora Bila Kuchemka

Hongera kwa kuamua kuhamia Bujora. Soko la Kisesa liko jirani, Mwanza mjini ni nauli ya daladala tu, na kila Juni ngoma za Bulabo zitakukuta hapohapo ulipo. Ila kabla hujamhesabia mtu kodi ya miezi sita, soma mwongozo huu ujue nyumba za huku zinavyopewa alama za matumizi ya nishati.

Uingereza alama hizo huandikwa kwenye cheti, kuanzia A hadi G. Tangu 2018, England na Wales, mwenye nyumba hampangishii mpangaji mpya nyumba iliyo chini ya E, labda awe na msamaha maalumu. Sisi majumbani tunazo mbili tu, D1 na T1, ambazo ni madaraja ya bei ya umeme, na hazibandikwi ukutani. Zimo ndani ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na utazijua ukishahamisha vyombo.

Hatua ya kwanza: nenda ukaione nyumba saa moja asubuhi. Saa hiyo kila nyumba ya Bujora ni A. Dalali atasimama katikati ya sebule, avute pumzi ndefu na kukuuliza, "Bosi, hapa feni ya nini?" Usimwombe mrudi saa nane mchana. Saa nane huwa ana mteja Igoma.

Hatua ya pili: lisifie bati. Ni msauzi, jekundu, linaonekana tangu barabarani. Ukiwa ndani usiangalie juu, utagundua dari halijawekwa, na kwamba jua lote linaloangukia bati hilo litashuka kichwani kwako. Madirisha ya alminiamu nayo yasifie: yanasukumwa, kwa hiyo hufunguka nusu, na upepo wa ziwani huingia nusu. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha fundi ameshayaziba kwa lipu, vumbi lisiingie.

Ukitaka ubaridi wa kweli, upo. Ndani ya makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa hapahapa Bujora na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kuna nyumba ya asili iliyoezekwa kwa nyasi. Nyasi ni nene, joto halipenyi. Paa limeteremka hadi kuufunika ukuta kwa kivuli. Hiyo ingepata A bila ubishi, ila haipangishwi. Wewe nunua feni.

Hatua ya tatu: kubali mita moja kwa wapangaji wote. Hapa ndipo penye utamu. Kwa bei ya 2016 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi afikishe uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Akizoea kuvuka huhamishiwa T1, na huko ni 292 kuanzia uniti ya kwanza. Uniti 75 za D1 ni shilingi 7,500, za T1 ni 21,900, kabla ya kodi na tozo.

Sasa chukua vyumba sita, kila kimoja kikila uniti 20. Kila mpangaji peke yake ni mtu wa D1. Wote pamoja wamefika 120, nao ni T1. Jumapili jioni, michango ikikusanywa, utasikia:

"Kaka, friji yako hiyo inatumaliza."

"Friji inajizima yenyewe, dada. Hiyo pasi yako je, ya nguo za wiki nzima?"

Hesabu iko wazi: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika ni uniti moja. Lakini usiitoe hadharani, utaambiwa chumba chako ndicho chenye feni.

Hatua ya nne: usizunguke nyuma ya nyumba. Huko kuna jiko la mkaa, na juu yake maharage tangu saa nne. LUKU haiyaoni. Ndiyo maana nyumba inayomaliza gunia baada ya gunia hubaki D1, safi kabisa kwenye mfumo. Serikali, kwa mkakati wake wa 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wewe ukitii ukanunua jiko la umeme, uniti ya 76 inakusubiri kwa shilingi 350.

Kwa kifupi, cheti cha Uingereza huipima nyumba kabla hujaingia. LUKU hukupima wewe baada ya kuingia, na aliyeacha kuweka dari hayumo kwenye hesabu. Kwa hiyo dalali akikwambia kwa fahari kuwa nyumba hii ni D1, mpongeze, kisha muulize gunia la mkaa hapa linauzwaje.