Kosa la Karatasi

Wanaoimiliki sidii ya kundi la Milli Vanilli, "Girl You Know It's True", hawaipigi wala hawaitupi. Huipanga nyuma ya nyingine, na mgeni akiifukunyua, husingiziwa shemeji kuwa ndiye aliyeisahau pale. Mimi nasema irudishwe kwenye redio na ipigwe kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, kwa maana kesi yake ilifunguliwa dhidi ya mshtakiwa asiyehusika.

Albamu hii ilitoka Marekani mwaka 1989, ikauza nakala zaidi ya milioni 6 nchini humo, na nyimbo zake 3 zikashika namba moja kwenye chati ya Billboard. Kwenye jalada wamesimama Rob Pilatus na Fab Morvan, vijana wazuri wa sura na wa nywele ndefu za kusuka. Tatizo ni kwamba hawakuimba hata wimbo mmoja. Julai mwaka huo, wakiwa jukwaani Bristol, Connecticut, kanda ilikwama na kurudia kipande kile kile mpaka Rob akatimua mbio, huku mashabiki wakiendelea kushangilia. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, ila hii ilipitia kwanza kwenye tuzo ya Grammy waliyopewa Februari 1990. Novemba ndipo mtayarishaji wao, Frank Farian, alipokiri. Tuzo ikapokonywa, kampuni ya muziki ikaifuta albamu kwenye orodha yake, na wanunuzi wakaenda mahakamani. Maridhiano yaliyopatikana yaliwapa hadi dola 3 kwa kila sidii. Hebu tupige hesabu: sidii wakati huo ilikaribia dola 15. Maana yake sura zote mbili, nywele zikiwemo, zilikadiriwa kuwa dola 3, na zilizobaki zilikuwa bei halali ya muziki.

Atasimama mtu aseme udanganyifu ni udanganyifu. Sawa, lakini Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam watu wamelia machozi sinema nzima kwa waigizaji wa Kihindi waliofumbua midomo huku akiimba Lata Mangeshkar, na hakuna aliyekwenda dirishani kudai nauli ya machozi yake. Mpingaji atajibu kwamba Lata alitajwa. Alitajwa, ndiyo, ila baadaye. Santuri ya wimbo wa filamu ya "Mahal", ya mwaka 1949, mwanzoni iliandikwa Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala, hadi wasikilizaji walipoulizia sauti ile ni ya nani. Jina likarekebishwa, wimbo ukabaki pale pale. Kwa Milli Vanilli pia kosa ni la karatasi: kijitabu cha toleo la Marekani kiliwaandika Rob na Fab kuwa waimbaji. Mhudumu akijisifu kwamba ndiye aliyepika pilau, anayestahili kufukuzwa ni yeye, pilau haimwagwi.

Kuhusu pilau yenyewe, sitaisifu kupita kiasi. Ngoma za mashine zinachosha, nyimbo za taratibu zina sukari nyingi, na wimbo uliobeba jina la albamu ni wa kuazima kwa kundi la Numarx la Marekani. Lakini sikiliza "Blame It on the Rain", uliotungwa na Diane Warren: kiitikio kinaingia bila kubisha hodi, na sauti zinazokibeba ni za watu wazima wanaoijua kazi, waliofichwa kwa sababu tu hawakuonekana wa kupamba jalada. Anayedai ameudhika kwa ajili ya haki, halafu anaizima sidii, anawanyamazisha waimbaji hao kwa mara ya pili.

Kwa hiyo, msomaji mwenye sidii hii, chukua kalamu ya wino usiofutika, chomoa kijitabu, kata majina yaliyomo na uandike: Brad Howell, John Davis, Charles Shaw, Jodie Rocco, Linda Rocco. Kisha mwache shemeji yako apumzike.