Si Kila Kinacholia Kinataka Oili

Hapa kwetu Kilakala, Morogoro, kitu kikilia kinapewa oili. Bawaba ikilia, oili. Cherehani ikilia, oili. Kitanda kikilia, oili, tena kabla wageni hawajafika. Ni imani iliyotulea vizuri na sina ugomvi nayo, isipokuwa nyumbani kwangu kuna kitu kimoja ambacho ukikipa oili kinaacha kazi palepale: breki ya diski ya baiskeli ya milimani.

Baiskeli yenyewe ni mtumba wa Ulaya. Mbele ina shokapu, magurudumu yote mawili yana diski, na breki zake hazivutwi kwa waya. Ukibana mkono, mafuta yaliyo ndani ya mpira mwembamba yanasukuma pedi, nazo zinaibana diski. Kwa mteremko wa kutoka Morningside, hizo ndizo breki za kuwa nazo. Tatizo ni sauti. Kasi ikikolea ukazigusa, zinalia kama mbuzi anayejua tarehe ya Idi, na mtaa mzima unapata taarifa kwamba mwalimu anashuka.

Shemeji yangu ni mtu wa huruma. Mimi nimekwenda msibani, yeye kabaki nyumbani na baiskeli na kichupa cha oili ya cherehani. Niliporudi nikamkuta kibarazani anajichomoa miiba.

"Shem, zile kelele nimezimaliza," akaniambia.

Alikuwa amezimaliza kweli. Baiskeli ilishuka kimya, ikaikosa kona kimya, ikaingia kimya ndani ya uzio wa michongoma wa jirani.

Pedi ina vinyweleo, na ikishainywa oili haiitapiki. Diski ni chuma, haina makuu: unaifuta kwa spiriti na kitambaa safi, kisha unamkataza kila mtu kuishika, maana hata mafuta ya vidole yanatosha kuiharibia siku. Kuhusu pedi, majirani walikaa kikao. Mmoja akasema zipigwe msasa. Mwingine akasema ziokwe juu ya jiko la mkaa mpaka oili iungue, mke wangu akajibu kwamba jiko lake si gereji, hoja ikafa. Wa tatu akaleta sanitaiza iliyobaki tangu 2020. Huyo nilimshukuru sana, ila sanitaiza nyingi zina gliserini ya kulainisha mikono, na breki yangu ilikuwa imelainika vya kutosha. Wapo wanaosugua na kuoka wakafanikiwa kwa muda. Mimi ninasema nunua pedi mpya, na ukiwa hapohapo uangalie diski, kwani nyingi zimechongwa maandishi madogo ya unene wa mwisho. Kwenye diski nyingi za Shimano ni milimita 1.5; ikishuka hapo, nayo ikapumzike.

Pedi mpya hazijui kazi, lazima zifundishwe. Unakimbiza baiskeli, unabana breki taratibu mpaka inakaribia kusimama, unaachia, unakimbiza tena, unarudia mara kama ishirini. Ni zoezi zuri, ila lifanyie mbali na nyumbani. Mtu mzima anayekwenda na kurudi barabarani, akifunga breki mbele ya kitu kisichoonekana, huulizwa maswali. Mama mmoja muuza mboga alinisimamisha kwa upole: "Mwalimu, nyumbani ni kwema?"

Nilijifariji kwa kuwakumbuka waasisi wa mchezo wa baiskeli za milimani. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa mabaiskeli mazito ya zamani yenye breki ya kukanyaga nyuma. Breki ile iko ndani ya habu, na mlima ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi yote ya mle ndani iliungua ikatoka moshi. Wakifika chini, kazi inayofuata ni kufungua habu na kuijaza grisi upya. Mashindano yenyewe yakaitwa Repack, yaani "jaza upya", kwa sababu hiyo. Mchezo mzima umezaliwa na watu waliokaa chini wakitengeneza breki, kwa hiyo mtu asinione nimechutama uani Jumapili akadhani nimepotea njia.

Basi tuje kwenye upepo, maana hapo ndipo baiskeli hii inapowachanganya watu. Shokapu yangu haina springi ya chuma. Springi yake ni upepo. Valvu yake inafanana na ya tairi la gari, na kila mwenye pampu akiiona anadhani ni mali yake. Kumbe chumba cha upepo mle ndani ni kidogo mno. Pampu ya mguu, ukiichomoa, inaondoka na sehemu kubwa ya kile ulichojaza, na kompresa ya gereji usiisogeze kabisa. Kuna pampu yake, ndogo, yenye geji. Unajaza, unapanda na mzigo wako wote (wangu ni begi la madaftari ya kusahihisha), unashika ukuta, unasukuma kipete cha mpira kilicho kwenye nguzo ya shokapu mpaka chini, kisha unashuka polepole. Mke wangu alikuja na futi ya cherehani kupima shokapu ililala kiasi gani chini ya uzito wangu. Shokapu ya milimita 120 inatakiwa ilale kati ya 24 na 30 hivi. Yangu ilisoma 50. Mke wangu akaangalia futi, akaniangalia mimi, akasema shokapu haina kosa.

Sasa upepo huohuo ambao ni roho ya shokapu, kwenye breki ni sumu. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, na ukiingia kwenye mpira wa breki mkono unalala hadi kwenye usukani bila kusimamisha chochote. Unaingiaje? Fundi wetu wa chini ya mwembe ana miaka mingi kazini na kila baiskeli inayomfikia huipindua kwanza, miguu juu. Kwa baiskeli ya Phoenix ni sawa kabisa. Kwa hii yangu, kiputo kilichotulia juu ya kitangi cha mafuta kwenye mkono wa breki kinapata njia ya kusafiri. Tuliisimamisha, tukaufunga mkono kwa ukanda wa tyubu usiku kucha, viputo vikapanda vyenyewe. Visingepanda, ingebidi tutoe upepo kwa sindano na mafuta mapya, na mafuta yenyewe si yoyote: Shimano na Magura wanatumia ya madini, breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, ile ya magari. Ukiyachanganya, sili zinavimba. Kijana wa duka la spea alitaka kuniuzia DOT akisema, "Breki ni breki, bosi." Nilimwonyesha maandishi kwenye kifuniko cha kitangi. Akasoma, akanipunguzia bei.

Fundi naye alinisikiliza mpaka mwisho bila kubisha. Siku hizi baiskeli yangu haipindui. Anaitundika kwa siti kwenye tawi la mwembe, ikae wima inavyotakiwa, na bei yake imeongezeka, kwa maelezo kwamba tawi nalo linachoka.