Mazoezi ya Wanale
Ufaransa, kando ya mto Loire, wana njia ya baiskeli ya kilomita zipatazo 900, na watu hulipa nauli ya ndege waende kukanyaga pedali penye honi chache. Hongera zao. Huku Wanale, juu ya mji wa Mbale, Uganda, raha hiyo ni ya bure: kwenye vijia vya mlimani gari halipiti kwa sababu haliwezi. Kijana hushuka na mikungu ya matoke kwenye keria, breki yake ni kandambili aliyoikandamiza kwenye tairi. Mandhari ni ya kupendeza, wasema wageni. Yeye macho yake yako kwenye tope. Mtalii mwenye kofia ngumu humpungia mkono.

“Unafanya mazoezi, rafiki?”

“Ndiyo, mzungu. Na haya yana wateja.”